Bidoni ya Mwanamke wa Bwawani

Nilipokuwa mdogo kule Buyenzi, kiboko mmoja alitoka ziwani alfajiri, akapita vichochoro vyetu mpaka uani kwa mama, akakanyaga karai la maji, akaenda zake. Mi peke yangu nilimwona. Mama alipotoka akakuta karai limebonyea na uwanja wote matope, unafikiri alimshika nani? Nilichapwa. Nalia nasema kiboko, mama, kiboko, naye anazidisha: "Leo kiboko, kesho utaniletea simba!" Baadaye jirani aliona kinyesi cha kiboko mbele ya duka, mtaa mzima ukacheka. Lakini fimbo ikishaingia mwilini hairudi ilikotoka. Mama hakuniomba radhi, Mungu amrehemu. Alinipa andazi tu.

Nimeanza na huyo kiboko ili mjue kwamba kusingiziwa maji sikuanza nako uzeeni. Na haya ninayosema sasa yalitokea kweli, tena si zamani. Asiyetaka kuamini aachie hapa hapa, tusichoshane. Mi nimeshachoka na watu wa kunitazama midomo huku wakicheka pembeni.

Kazi yangu maisha yote ilikuwa mota za maji. Shule niliacha mapema, lakini mota ikikohoa naijua inaumwa wapi. Basi, tajiri mmoja, sisi tulimwita Patroni, alinunua kibonde juu ya Ruziba. Mle mlipita kijito chembamba. Akajenga tuta la udongo kukizuia, udongo mtupu ulioshindiliwa, na nyasi juu yake, akapata bwawa lake dogo. Si la samaki wala la mashamba. La starehe! Watu watoke mjini Jumapili waogelee, wapande pedalo, vile viboti vya kukanyaga kama baiskeli, halafu wale brosheti, mishikaki ya nyama. Mimi akaniweka kutunza maji. Chini ya tuta kulikuwa na vane, mlango wa chuma wa kutolea maji, na ufunguo wake nilikaa nao mimi tu. Kumbuka hilo la ufunguo, maana ndilo lililoniponza.

Jioni moja, magharibi imekaribia, nimeshafunga kila kitu natafuta mahali pa kuswalia, nikaona mwanamke ukingoni. Amejaza bidoni ya njano, lile dumu la lita ishirini ambalo kila nyumba inalo. Patroni alikuwa amekataza watu kuchota. Lakini we, utamfukuza mama aliyekuja kuchota maji? Kwetu maji hayanyimwi. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Baba, nitwike."

Nani hajui jambo hilo? Mtu akiwa peke yake na mzigo, anangoja mpita njia amsaidie kuuweka kichwani. Hukatai. Hata mtu mliyegombana naye unamtwika kwanza, ugomvi unaendelea baadaye. Nikainama, nikashika bidoni, nikajiandaa na mgongo wangu huu. Wallahi, ilikuwa nyepesi kama tupu! Na maji nayaona yamefika shingoni mwa bidoni. Nikamwekea kichwani, juu ya nywele hivi hivi, hakuna kata ya kukalishia mzigo, hakuna hata kitambaa kilichoviringishwa. Nikajiuliza huyu haumii? Akasema, "Utwikwe nawe, baba." Akapanda mlima. Mi nikaenda kuswali.

Asubuhi bwawa lilikuwa tope. Mapedalo yamelala ubavu kama ng'ombe wagonjwa. Tuta zima, hakuna ufa, vane imefungwa vile nilivyoiacha. Patroni akaja, hakusalimia.

"Muzee, maji yangu iko wapi?"

"Patroni, sijui."

"Ufunguo iko na nani?"

"Na mimi."

"Eh bon! Unafungulia wale wafyatua tofali huko chini. Unauza maji yangu!"

Niliapa. Nikamwonyesha kutu kwenye vane, ikizungushwa lazima ibanduke, na haikubanduka. Hata hakuinama kutazama. Hivi mtu anakuajiri kwa sababu unajua kazi, halafu siku ya kukusikiliza anaziba masikio. Kwa nini?

Tuliwasha mota ya kupandisha maji kutoka bondeni, kijito nacho kikasaidia, bwawa likajaa tena. Jioni ile ile lilipojaa, mwanamke akarudi. "Baba, nitwike." Nikamtwika, akili yangu yote ikiwa kwenye vane. Asubuhi, tope. Safari hii Patroni alisema polepole, na mtu wa makelele akisema polepole uogope. Jumapili wakwe zake watakuja, wazazi wa kijana atakayemwoa binti yake. Wakikuta tope, atakwenda na gari mpaka Buyenzi, Ijumaa, watu wakitoka msikitini, awaambie mzee wenu huyu ni mwizi. Mimi! Mtaa ambao nimezaliwa, nimeoa, nimezikia wazazi. Sina nyumba ya ghorofa, sina ng'ombe. Nina jina tu.

Aliyenifungua macho ni Revokati, mchoma brosheti, mwenyeji wa huko huko. Alikuwa anachonga vijiti vya brosheti nami nikilalamika, nikataja yule mama. Kisu kikasimama.

"Mama gani? Hana kata kichwani?"

"Hana."

"Na ni we ulimutwika?"

"Sasa ningemwacha?"

Akacheka kwa huzuni. "Muzee, basi mwizi ni we kweli. Yule alikuwa anachota hapa tangu wakati ya babu zetu, kulipokuwa chemchemi. Achote namna gani, peke yake hawezi kuondoka na kitu. Ni mpaka mutu mwenye pumzi amutwike. Ukimutwika, umemupa yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Unaona watu hao? Nilitamani kumtwanga na mkaa wake.

Jumamosi maji yalikuwa yamefika juu. Jioni nikamkuta pale pale, bidoni imejaa. "Baba, nitwike. Watoto wanangoja." Nikasema apana. Neno hilo, kwa mwanamke mwenye mzigo, sijawahi kulisema maishani. Hakunitukana wala hakulia. Alikaa chini, mkono juu ya bidoni, akanitazama. Nikaondoka kinyumenyume.

Asubuhi alikuwa bado amekaa pale, juani, mchana kweupe, kama mama yeyote aliyechoka. Na bwawa? Limejaa pomoni! Nilikaribia kucheza. Nikamkimbilia Patroni kabla hajashuka vizuri garini.

"Patroni, maji iko. Sasa nakuomba kitu kimoja: yule mama pale, mtu asimtwike. Mtu yeyote. Nitakueleza."

"Muzee, umekunywa?"

"Mi sinywi, unajua."

"Basi anza. Labda akili itarudi."

Wakwe wakafika, wamevaa, wanachekacheka. Vijana wakapanda mapedalo, wengine wakajitosa kuogelea. Baba mkwe, mtu mzima wa heshima, akaketi kivulini, macho yake yakaenda ukingoni. Akauliza, "Yule mama amekaa juani na maji yake, hapa kwenu hamutwikani?" Akasema kwa utani, lakini utani wa mkwe unakata. Mama mkwe akaongeza, "Na mzee yule amesimama tu, anamuangalia!" Mzee yule ni mimi. Uso wangu ulitafuta pa kujificha.

Patroni akainuka. Nikamkimbilia, nikamshika mkono, mbele za watu. "Patroni, kwa jina la Mungu." Akanisukuma kwa kiwiko huku anatabasamu, kwa ajili ya wageni. Akakunja mikono ya shati, akainua bidoni juu juu, akawaonyesha wageni jinsi ilivyo rahisi, na wao wakapiga makofi. Akamwekea kichwani. Mwanamke akasema maneno yake yale yale, akapita katikati ya wageni, akapanda mlima bila haraka.

Mapedalo yakaanza kushuka. Hakukuwa na kelele, wala maji hayakuzunguka, wala tuta halikupasuka. Maji yalishuka tu, kama supu inavyoshuka bakulini mtu mwenye njaa akinywa. Mabinti walikuwa bado wanakanyaga wakicheka, mpaka mapedalo yakagusa chini, yakalala. Waliokuwa wanaogelea wakajikuta wamepiga magoti kwenye tope. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Baba mkwe alivua kofia, akaivaa tena, asijue la kufanya nayo.

Nikadhani sasa nimepona. Wote wameona, mchana, kwa macho yao, na ufunguo wa vane uko shingoni kwangu. Patroni akanigeukia, unajua alisema nini?

"Si ungemutwika tangu asubuhi, angekwenda zake! Umeniaibisha na wakwe!"

Nitamalizia na hilo. Kwanza niseme yaliyobaki kwangu, maana mnaniuliza kila siku. Tangu pale, kila magharibi, utosi wangu unakuwa mzito, kama kuna kitu kimewekwa na mikono isiyoonekana. Nikivua kofia ina mviringo wa maji, ukubwa wa kitako cha bidoni. Mke wangu anaianika kwenye kamba. Yule mwanamke alinitakia nitwikwe, nami nimetwikwa, na wa kunitua sijampata. Patroni naye, nasikia kwa Revokati, anatembea shingo imekaza kama askari. Kule bombani Buyenzi akina mama wananisema: mzee yule siku hizi ana roho mbaya, ukimwambia nitwike anakuzunguka kwanza, anakuchungulia kichwani. Waseme. Natafuta kata. Nawe ukiitwa na mwanamke peke yake kwenye maji, mtwike, usiache desturi, lakini tazama kwanza kichwani. Kama ameweka kata, ni mama wa mtu. Kama ni nywele tupu, pita, hata wakwe wa dunia nzima wakikucheka.

Sasa nilimjibu nini Patroni? Maneno nilikuwa nayo, mengi, tangu lile karai la mama. Niliyatazama yale mapedalo, nikaona maneno hayasaidii. Nikavua ufunguo shingoni, nikautundika kwenye gurudumu la vane, nikachukua viatu vyangu mkononi kwa sababu ya tope, nikashika njia ya Ruziba. Nyuma alikuwa anaita, muzee, muzee, mota nani ataiwasha? Sikugeuka. Mpaka leo sijarudi.