Upanga Uliochoka

Kidole gumba cha kulia cha Hirakushi Yosaku hakikuwa na alama hata moja. Kilikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Binti yake Natsu alipomletea simu ya kufunguliwa kwa kidole, simu ilimkataa mara tano, na mkewe Fumie, aliyekuwa akimenya chungwa pembeni, akasema, "Umeona, baba Natsu? Hata simu inauliza wewe ni nani."

Alama hizo zilikuwa zimeliwa na kazi. Huko Osafune, mkoani Okayama, ambako panga zimefuliwa tangu enzi za mababu wa mababu, mnoaji hanoi upanga kama anayenoa kisu cha jikoni, akamaliza kabla chai haijapoa. Upanga mmoja humla wiki mbili, pengine mwezi. Anachutama juu ya kibao kilichoinama, mguu wa kulia umekanyaga mti uliopinda unaolibana jiwe lisicheze, ndoo ya maji baridi ubavuni. Anaanza na jiwe la kukwaruza, anafuata laini kidogo, kisha laini zaidi, mpaka mwishoni jiwe lenyewe ni kipande chembamba kama ganda la kitunguu, nalo husuguliwa kwa kidole gumba tu. Yosaku alikuwa amechutama hivyo tangu ana miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na sitini na sita, na kila akiinuka magoti yalilia kama mlango wa ghala.

Jumanne moja ya Februari, theluji nyembamba ikiwa bado juu ya paa, alifika mama mmoja na mfuko mrefu wa hariri begani. Jina lake Orito Mineko, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na alikuwa ametoka Tsuyama kwa treni ya asubuhi.

"Samahani kwa kukusumbua, Mwalimu," alisema mlangoni, akiinama.

"Ingia, ingia, mama. Weka miguu kwenye joto kwanza. Upanga umengoja miaka mingapi? Basi utangoja na chai."

Wakanywa. Fumie alileta figili iliyotiwa chumvi, Mineko akatoa matunda makavu aliyoyatundika mwenyewe barazani kwake. Ndipo akaeleza. Upanga ulikuwa wa baba yake, mzee Kanji, mwenye miaka tisini na mmoja. Kila Mwaka Mpya mzee huyo aliutoa kwenye ala, akawaketisha wanawe, watu wazima tayari, mstari mmoja, kila mmoja na kipande cha karatasi kati ya midomo ili pumzi isiufikie upanga ukashika unyevu.

"Tulikaa na karatasi mpaka midomo inakauka," Mineko alisema. "Kaka yangu alikuwa anapiga chafya kwa makusudi. Alikula kofi kila mwaka, na kila mwaka anarudia."

Miaka minne iliyopita mzee alipooza upande mmoja, akapelekwa nyumba ya wazee. Upanga ukabaki ghalani, hakuna wa kuupaka mafuta. Sasa daktari alikuwa amesema mzee huenda akafika maua ya mcheri, mwezi wa Aprili, huenda asifike.

"Haongei sana siku hizi," Mineko alisema, akiizungusha bilauri ya chai mikononi. "Ila nikienda lazima aulize. Upanga uko wapi. Anataka auone ulivyokuwa. Nilipouchomoa mwenyewe nikaona aibu, Mwalimu. Nikarudisha. Sijathubutu kumwambia."

Yosaku alinawa mikono, akakausha kila kidole, akakaa kwenye dirisha la kaskazini ambako mwanga hautikisiki. Akauinamia upanga, kwa kuwa hakuna anayeushika kabla ya kuuinamia, kisha akauchomoa taratibu, mgongo ukiteleza juu ya mti wa ala, makali yasiguse.

Kutu. Nyekundu, ya madoadoa, kutoka nchani mpaka karibu na mpini. Kutu nyeusi ni kutu iliyolala. Nyekundu bado inakula.

Aligonga kwa kinyundo kigingi cha mwanzi kinachoshikilia mpini, akakitoa, akashika mpini kwa mkono mmoja na kukipiga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya mkono wa pili mpaka chuma kikalegea na kutoka. Shina la upanga, lile linaloingia ndani ya mpini, lilikuwa jeusi safi, halijaguswa na brashi ya mjinga yeyote, wala halikuwa na jina la mfua. Akavuta pete ya shaba inayolikaba shingoni.

Chini ya pete, mahali ambapo kutu haikufika, kulikuwa na mistari myembamba iliyochorwa kwa sindano ya chuma. Kila mnoaji huweka yake pale akimaliza kazi, maana jina lake haliandikwi popote pengine. Hii ilikuwa kumi na mmoja, na wa mwisho ulikuwa mfupi kuliko wenzake kwa nusu punje ya mchele. Hakuna mtu mwingine Japani nzima aliyechora hivyo. Ilikuwa yake.

Basi ulikuwa ni ule upanga. Miaka thelathini na saba iliyopita, Yosaku akiwa na ishirini na tisa, muuzaji mmoja wa Osaka aliuleta upanga huu kwa mwalimu wake, na mwalimu akampa yeye aunoe. Akaupeleka Tokyo kwenye mashindano ya wanoaji, akatoka wa kwanza. Baada ya hapo muuzaji aliuuza, na Yosaku hakuuona tena. Ila aliuzungumza. Aliuzungumza kwenye harusi ya Natsu, kwenye misiba, kwa kinyozi. Watu wengine wana mtoto aliyekwenda ng'ambo. Yeye alikuwa na upanga huo.

Na sasa ulikuwa umelala juu ya mapaja yake, mgonjwa, na mama yule hajui ni nani aliyeunoa zamani. Alitaka kumwambia Mineko papo hapo, akajizuia. Alitaka amwambie siku utakapong'aa.

"Siahidi chochote," alisema, ingawa moyoni alikwisha ahidi. "Niachie mpaka Ijumaa. Nitafungua dirisha nione."

"Dirisha?"

"Nanoa sehemu ndogo tu, ya vidole vitatu. Ndipo chuma kinasema kama bado kina nguvu ya kunolewa. Ukianza upande wote bila kuuliza, unaweza kumuua mgonjwa kwa dawa."

Mineko aliinama mpaka paji likagusa mkeka. Alipoondoka, Yosaku alikuwa akiimba kidogo, na Fumie alichungulia kutoka jikoni kuhakikisha ni yeye.

Jumatano akachagua mahali pa dirisha. Alipajua kama baka la shingoni kwa mkewe: katikati, upande wa kulia. Akaweka jiwe, akachutama, akaanza. Maji yakageuka rangi ya chai, kisha ya kijivu. Kutu ikaondoka. Pembeni chuma kikajitokeza kama alivyokikumbuka, na nyuzi ndogondogo kama za ubao uliorandwa, na ukungu mweupe wa makali. Katikati, hakuna. Palikuwa na baka lisilo na nyuzi wala mng'ao, kama jicho la kipofu.

Akabadilisha jiwe. Baka likapanuka. Akaacha.

Upanga wa zamani una ngozi na una moyo. Ngozi ni chuma kigumu, moyo ni chuma laini ndani yake, ili upanga ukate lakini usivunjike. Kila unapopita chini ya jiwe, ngozi hupungua. Ngozi ikiisha, moyo unatokeza nje, na hakuna jiwe duniani linaloweza kuurudisha ndani. Wanoaji hawasemi upanga umeharibika. Wanasema umechoka.

Yosaku alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, maana alijua nani aliyeuchosha. Mahali palepale, zamani zile, palikuwa na kishimo cha kutu kidogo kama punje ya ufuta. Mwalimu wake, mzee Usami, alimwambia akiache. "Kovu ni la upanga," alisema. "Na ngozi si yako." Lakini kishimo kile kingemnyima ushindi, na ili kukiondoa hukwangui kishimo peke yake: unashusha upande mzima mpaka ulingane na kina chake. Mzee Usami alipokwenda Matsue kumzika dada yake, Yosaku aliushusha. Siku nne. Ikabaki ngozi nyembamba kama karatasi inayobandikwa dirishani, lakini haikuonyesha moyo, ikang'aa, ikashinda. Kama ngozi ile aliyoimwaga kwenye ndoo ingekuwepo leo, kutu ya miaka minne isingekuwa kitu.

Aliporudi na tuzo, mzee Usami alichukua upanga, akautazama muda mrefu kwenye mwanga. Akasema neno moja tu. "Unang'aa." Akaurudisha kwenye ala. Mzee huyo hakuwahi kumsifu mtu, basi Yosaku akaamini kwamba mtu wa namna ile akisifu husifu hivyo. Alilibeba neno lile miaka thelathini na saba kama hirizi. Jumatano ile ndipo alipolisikia lilivyosemwa.

Fumie alimkuta hajagusa tambi zake, zimevimba bakulini.

"Unaumwa?"

Akamweleza, bila kumtazama. Fumie alisikiliza mpaka mwisho, akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Basi mwambie mnoaji wa zamani aliuharibu," alisema hatimaye. "Si uongo. Mnoaji wa zamani kweli aliuharibu."

"Mama Natsu."

"Nakutania, nisilie. Sasa unataka nifanye nini? Ni mtu mzima wewe. Mficha maradhi kifo humwumbua, lakini hayo maradhi si yako peke yako, ni ya yule mama pia. Fikiri."

Alifikiri Alhamisi yote. Ijumaa Mineko alifika na treni ileile, na safari hii alivaa mkufu wa lulu, kama anayekwenda kupokea mgeni. Yosaku hakungoja chai. Alimwonyesha dirisha.

"Hauwezi kunolewa," alisema.

Mineko aliliangalia lile baka. "Hata kidogo? Ung'ae tu mara moja, auone. Macho yake yenyewe hayaoni vizuri, Mwalimu. Hatajua."

"Nikiuondoa huo wekundu, upande wote utakuwa hivi. Mabaka matupu, kama mbwa mwenye upele. Hata asiyeona ataona."

"Kwa hiyo ni sisi. Tungeupaka mafuta..."

"Si nyinyi," Yosaku alisema haraka. "Kutu hii mtu angeitoa. Haitoki kwa sababu ngozi ilikwisha zamani. Aliyeimaliza ni mimi." Akamwonyesha mistari kumi na mmoja, akamweleza habari ya kishimo, na Tokyo, na siku nne.

Nje theluji ilidondoka kutoka paani, pu.

"Muuzaji alimwambia baba kwamba upanga huu ulishinda Tokyo," Mineko alisema. "Alitueleza kila mwaka. Sisi na karatasi zetu mdomoni." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na baada ya kushinda, ulinoa nyingine?"

"Nyingi. Zilikuja kutoka Kyushu mpaka Hokkaido. Kila mtu alitaka wake ung'ae kama huu."

"Nazo zikoje sasa?"

"Sijui."

"Hujui."

"Hazijarudi. Zikirudi nitajua."

Yosaku alipiga magoti, akaweka mikono mkekani. "Nipeleke kwa mzee. Nimwambie mwenyewe. Aniseme anavyotaka."

"Usije," Mineko alisema. Hakupaza sauti, ilikuwa sauti ya mwalimu anayefunga kitabu. "Ukimwambia utapumua wewe. Yeye atakufa na nini? Acha hivyo. Upanga ubaki hapa, kaka yangu asiuone akaropoka. Nitamwambia baba kwamba uko kwako unanolewa. Wauguzi humshikia simu Alhamisi. Akikupigia, mwambie kazi inakwenda vizuri. Hilo ndilo ninalokuomba, na sikuombi lingine."

Akainama, si chini kama Jumanne, akaondoka. Chai ilikuwa haijamiminwa.

Yosaku aliufuta upanga, akaupaka mafuta mpaka dirishani kwenye lile baka, akaulaza kwenye ala. Kwenye rafu ulikuwapo upanga mwingine wa mteja wa Himeji, kazi ya nusu. Aliutoa, akaukagua kwenye mwanga akitafuta unene wa ngozi yake, akaurudisha. Siku iliyofuata akafanya vilevile. Mawe yake, ambayo hayatakiwi kukauka, yakakauka.

Alhamisi simu ililia. Fumie aliipokea, akamnyooshea mumewe. Kwanza ilikuwa sauti ya muuguzi kijana, halafu pumzi nzito, ndefu, za mtu anayekusanya maneno mojamoja kutoka mbali.

"Mwalimu Hirakushi," mzee Kanji alisema. "Upanga wangu. Unaonaje?"

"Ni upanga mzuri, mzee."

"Ulishinda Tokyo. Unajua?"

"Najua."

"Kutu nyingi?"

"Kidogo. Inatoka." Yosaku alikuwa amesimama wima, mkono mwingine umeishika kona ya meza. "Kazi inakwenda vizuri."

Pumzi zikaja, zikaenda. Yosaku alidhani wamekata.

"Usifanye haraka," mzee alisema. "Mnoaji wa haraka hula ngozi. Mimi nitangoja."

"Ndiyo, mzee."

Muuguzi alichukua simu, akashukuru, akaaga. Yosaku hakuishusha. Fumie alimngoja, kisha akaitoa mkononi mwake, kidole kimoja baada ya kingine, akaiweka mezani.