Dawa ya Gereji kwenye Wembe wa Ta Kaiza

Jamani, huu mdomo wangu utaniua. Nafanya kazi kwa Ta Kaiza, yaani Mzee Kaiza kwa Kihaya, kinyozi wa Rwamishenye hapa Bukoba, na ole wako umseme vibaya nikisikia. Kila asubuhi ananoa wembe wake wa kukunja kwenye mkanda wa ngozi tupu. Mimi, profesa wa kusomea kwenye simu, nikaona anapoteza muda. Jana kabla hajafika nikaomba kwenye gereji ya jirani dawa ya kusagia valvu, ile nyeusi yenye chenga kama mchanga, nikaupaka mkanda, nikanoa. Kama inasugua chuma cha Fuso, ndevu ni nini?

Mteja wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa. Wembe ulipogusa shavu tu, akaruka.

"Ta Kaiza, unaninyoa au unaning'oa? Umezeeka! Nahamia kwa vijana wa sokoni."

Nikainua ngumi. "Ta hajazeeka! Kuna mshenzi kauharibu huo wembe, na nikimjua namvunja vidole!"

Ta Kaiza akapapasa mkanda, akanusa kidole. "Waitu, jamani, hii ni dawa ya gereji."

Wote wakaniangalia. Ngumi yangu bado ilikuwa juu, na vidole vyote vyeusi tii.

"Haya," mzee wa kanisa akasema, "anza kuvunja."