Siku Niliyoitwa Fala

Kabla sijaitwa fala, mwanangu, kulikuwa na siku nyingine ninayoikumbuka vizuri, maana ndiyo siku niliyoona haya kuliko zote za ujana wangu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, na maduka ya Songea yalipoanza kujaa sabuni na mitumba baada ya kukaa matupu muda mrefu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mhudumu wa zahanati ndogo nje ya mji, njia ya Mpitimbi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na Kiswahili changu nilitembea nacho kama gauni la Pasaka. Mzee akitamka neno kwa lafudhi ya Kingoni, namsahihisha. Hata mama yangu mzazi nilimsahihisha mbele ya wageni.

Wakati huo wakimbizi wa vita vya Msumbiji walikuwa wengi kwetu. Mmoja wao aliitwa Marta, mtu wa mjini huko kwao, aliyekulia katika Kireno. Kiswahili hakukijua. Kila Jumanne alimleta binti yake Zita, mtoto wa miaka sita hivi, ambaye tangu wavuke Mto Ruvuma alikuwa hajatamka neno. Alikula, alilala, alitazama watu, lakini sauti hakuna.

Jumanne moja foleni ilikuwa ndefu. Nikamwona Marta amechuchumaa, amemshika mtoto kidevu, anamwambia, "Fala, Zita. Fala." Alirudia mara tatu. Watu kwenye benchi wakaanza kucheka. Nami nilisikia lile nililolijua: fala, yaani mjinga, mpumbavu. Nikapandwa na hasira. Mtoto mgonjwa, na mama yake anamtukana hadharani.

Nilimwendea, nikamwambia hapa hatutukani watoto. Hakuelewa. Nikamnyang'anya mtoto, nikampakata, nikamwonyesha mama mlango atoke nje. Mwanangu, yule mama alipiga magoti. Alidhani namchukua mtoto wake moja kwa moja, na baadaye nilikuja kujua kwamba watoto wake wengine wawili alikuwa amewazika kule kwao. Zita alifungua mdomo kama anayelia, na hata kilio hakikutoka.

Aliyekuja kuniokoa ni Mzee Saidi, mlinzi wetu, Myao wa Nakapanya, aliyewahi kupasua mbao ng'ambo ya Ruvuma miaka mingi. Alikuja taratibu, akazungumza na Marta kwa Kireno, kisha akanigeukia.

"Mrudishie mama mtoto wake, binti yangu," alisema. "Kwao fala maana yake sema. Anamwomba mtoto aseme."

Nikamrudisha Zita mikononi mwa mama yake. Akaongeza, bila kupandisha sauti, "Umesoma kuliko mimi. Ila hukuuliza."

Hakunikaripia zaidi ya hapo, wala haikuhitajika. Alinifundisha neno lao la kuomba radhi, desculpe, nami nikalisema mbele ya foleni ileile iliyokuwa inacheka, nikalivunjavunja mdomoni. Marta akanishika mkono, akauacha.

Tangu siku hiyo, kazi ikiisha, nilikaa getini kwa Mzee Saidi anifundishe Kireno chake cha wapasua mbao. Si lugha safi sana, nilikuja kuambiwa, lakini ilitosha kumsalimu mtu na kumwuliza wapi panauma. Miezi ikapita. Jumanne moja nilitaka kumwuliza Marta kama mtoto analala vizuri, neno likanipotea. Nikasimama mdomo wazi, kadi ya mgonjwa mkononi. Zita, aliyekuwa ameegemea goti la mama yake, akanitazama. Kisha akasema polepole, "Fala."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza. Marta alijifunika uso kwa khanga, akalia. Mzee Saidi alisema Alhamdulillahi. Foleni nzima ilisikia mtoto akimwita mhudumu fala, na mimi, mwanangu, sijawahi kupewa heshima iliyozidi ile.

Miaka mingi baadaye alipita kwetu sista mmoja kutoka Polandi. Nilipomsimulia habari hii akatabasamu, akasema kwao fala ni wimbi la maji. Sijui huko kwingine duniani ni nini. Nimeacha kudhani kwamba najua.

Basi nakuambia wewe unayeanza kazi, maana utasikia Kimatengo, Kinyasa na lugha ambazo hata jina huzijui. Jivunie Kiswahili chako. Mimi najivunia changu mpaka leo. Najivunia pia Songea yetu, ambako mlinzi wa geti alikuwa na lugha nne kichwani. Lakini neno la mgeni likikuchoma, usimhukumu kabla hujamwuliza alikuwa na maana gani. Na ukikosea, omba radhi palepale ulipokosea, mbele ya walewale waliokuona.

Nenda na baraka zangu. Mungu akujalie subira ya kusikiliza, na kwenye kila mlango utakaobisha hodi, akutangulizie mtu wa kukuelewa.