Baridi ya Mbingu Safi

Damaris alikulia Limuru, na mtu wa Limuru huwezi kumfundisha baridi. Kule baridi ina sura yake: mwezi wa saba wingu linashuka, linakaa juu ya majani chai kama mgeni asiyejua kuaga, na jua likitoka tu watu wanavua sweta. Akili hiyo ndiyo aliyopanda nayo ndege kwenda Riyadh. Sweta hakubeba, kwa sababu wakala wa Nairobi aliwaambia wasichana kwamba Saudia ni jangwa na jangwa ni joto. Wakala mwenyewe hajawahi kufika hata Isiolo.

Jumba la madam aliyemwajiri kazi za nyumbani lilikuwa nyuma ya mtaa wa Olaya. Damaris alilazwa juu ya paa, kwenye kibanda cha mabati kando ya matangi ya maji. Agosti alikaangwa. Desemba akaanza kulala na kila nguo aliyokuwa nayo.

Januari 2016 runinga ikatangaza wimbi la baridi kutoka kaskazini, na nyumba nzima ikachangamka. Baba mwenye nyumba, mume wa madam, akanunua kuni na makaa aende kuota moto jangwani, kwa starehe tu. Madam akaamuru miti yake ya vyungu iingizwe ndani isije ikaungua na umande ulioganda. Damaris akaibeba, chungu baada ya chungu, mpaka sebuleni. Alipomaliza akaomba na yeye alale jikoni hadi wimbi lipite.

Madam akafikiri kama mtu aliyeombwa figo. "Usiku mmoja, Damaris," akasema. "Chagua mwenyewe ni upi. Halas, basi."

Damaris akafungua utabiri kwenye simu. Jumanne: wingu na matone. Jumatano: jua la njano lisilo na doa, na chini yake kumi na saba, kisha mbili ndogo ya kijivu, ambayo yeye aliidhania ni ya upepo, kumbe ndiyo nyuzi za usiku. Akamuuliza Fridah, binamu yake anayefagia ofisi Jeddah na kupanga chumba mtaa wa Bani Malik. Fridah Januari hulala na feni, maana bahari ya Jeddah hutunza joto lake usiku kucha.

"Chukua ya mvua, wewe," Fridah akamjibu. "Hiyo ya jua utajipasha."

Jumanne akalala jikoni. Wingu lilifunika mji, likazuia joto la ardhi lisipotee, hata akasukuma blanketi pembeni. Jumatano upepo ukafagia mbingu ikabaki safi. Nchi kavu isiyo na wingu hutoa joto lake lote juu, na hakuna cha kulirudisha. Somo hilo limo kwenye jiografia ya sekondari, kwenye ukurasa ambao walimu huuruka wakikimbilia mtihani.

Usiku ulipoingia vidole vyake vilikuwa haviwezi kukamua kitambaa. Akarudi kwa madam. Madam akamkumbusha kwamba usiku wake ameshautumia, tena kwa hiari yake.

Basi Damaris akapandisha paani jiko na makaa yaliyobaki ya baba. Akayaacha nje mpaka moshi ukaisha, kama alivyofunzwa kwao, ndipo akaliingiza na kufunga mlango. Lakini nyumba ya mbao ya Limuru ina nyufa za kupitisha upepo. Kibanda hiki alikuwa ameziba kila tundu kwa mifuko ya plastiki tangu msimu wa vumbi. Na gesi ya makaa haihitaji moshi, wala haina harufu.

Asubuhi madam aliita chai mara tatu, kila mara kwa hasira zaidi, kabla ya kumtuma baba apande.

Karatasi zikaandikwa kwamba moyo wake ulisimama, jambo ambalo ni kweli kwa kila maiti.

Fridah ndiye aliyempigia mama yake Damaris. Alilia, akaeleza wingu, akaeleza mbingu safi, akaeleza kwamba siku ile ya mvua ni yeye aliyesema ichaguliwe. Mama akasikiliza habari zote za mawingu mpaka mwisho.

Kisha akauliza nyumba ile ina vyumba vingapi.