Babu Alitoka Airandi

Wasomaji, hata dukani siendi tena. Kukhu, nyanya yangu wa Malakisi, alizoea kusema marehemu babu alitoka "Airandi". Kwa vile mimi ni mweupe kidogo, nikaamua ni Ireland! Nikachukua pasipoti, nikaacha kazi ya ukarani Kitale niende kutafuta ukoo. Wenzangu wa ofisini wakanisindikiza kwa Kukhu anibariki.

"Ndege ya nini?" Kukhu akashangaa mbele ya wote. "Airandi si ni hapo Ziwa Victoria? Kisiwani, kule mnakoita 'island'?"

"Si kwa Wazungu, Kukhu?"

"Wazungu gani? Babu yako alikuwa anavua omena, bana!"

Nilitamani ardhi inimeze. Wa kwanza kucheka alikuwa yule dada aliyeajiriwa juzi kuchukua nafasi yangu.