Pale Alipovuta Pumzi

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1998. Mvua ilianza kabla jogoo hajawika, ikapumzika saa nne, ikarudi saa nane na hasira kidogo. Ndivyo daftari langu linavyosema, na sioni sababu ya kulibishia, ingawa mwandiko wa siku ile umechoka kama mwenyewe.

Nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya ya kanisa letu hapa Kibingo. Elimu yangu yote ni darasa la saba. Mgeni mmoja aliyekuja kujitolea alituachia kompyuta yenye mfumo wa bure, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili, hata kuufungua ndani na kuurekebisha. Kuufungua sikuthubutu. Amri zake niliziandika daftarini herufi kwa herufi, nikawa nazicharaza kama mtu anayesali kwa lugha asiyoijua.

Waya uitwao midi ulitoka kwenye kinanda ukaingia nyuma ya kompyuta. Ijumaa nilijaribu. Nilipiga ubeti mmoja, nikaiamuru irudie, ikanirudishia wote. Nikaamini nimeelewa.

Jumamosi kazi ilikuwa moja. Mwimbaji wetu kiongozi, mama mjane ambaye wazazi wake walitoka Burundi, aliyeishi kwa vibarua vya kupalilia mibuni ya watu, alikuwa anahama Jumatatu kwenda kwa binti yake, mbali. Wimbo tulioupenda kuliko nyimbo zote aliutunga yeye, na ndio tuliotaka kuurekodi.

"Nikishavuka kile kilima mtaubadilisha," alisema. "Nawajua. Nataka mashine iwakumbushe."

Niliwasha mlio wa kompyuta wa kuhesabu mapigo. Tak, tak, tak. Alikunja uso.

"Hiyo inanifukuza niende wapi? Izime, mwalimu."

Nikauzima mlio ule. Kwetu kinanda humfuata kiongozi. Yeye huanza anapotaka, hulikalia neno mpaka limwishe, nasi tunamsubiri. Akaimba kwenye maikrofoni, spika zikajaa, kwaya ikaitikia. Akafuta jasho, akaenda kufunga mizigo.

Nilipoiamuru kompyuta irudie, kinanda kilitoka peke yake. Hapakuwa na sauti ya mtu hata mmoja. Nilipekua daftari, nikakuta mgeni alikwisha kunieleza, tena nimeandika kwa mkono wangu: waya ule hubeba habari za vidole tu, kitufe gani kimebonyezwa na lini, sauti ya mtu ina tundu lake. Mimi nilidhani kila kinachotoka kwenye spika kinaingia pia. Kwa hiyo kosa si la mgeni, wala la mashine. Ni kweli plagi ya maikrofoni yetu ilikuwa nene kuliko tundu lile, lakini hilo ningeligundua Ijumaa kama ningejaribu. Sikujaribu.

Mwenzetu wa besi hakunicheka. Alisema tu, "Basi yanyooshe mapigo, yamepindapinda. Programu si inaweza?"

Inaweza, na zile nafasi za kusubiri zingezibika. Amri yake ilikuwa ukurasa wa mwisho wa daftari. Naye alikuwa na hoja, kwa sababu wanaojifunza wangepata shida kufuata.

Nilihifadhi tulichokuwa nacho, nikazima jenereta iliyotupa umeme, nikakanyaga tope hadi kwa yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso kama wa aliyeibiwa?"

"Sauti haikuingia. Nimekosea mimi."

Alikuwa ameshika kamba ya kufungia godoro. "Sauti ya nani?"

"Ya wote. Kimeingia kinanda tu."

"Kumbe ulijirekodi mwenyewe!" Akacheka, ila si sana. Akachukua mwavuli. "Twende nikakusikilize."

Kanisani niliwasha jenereta tena, petroli imebaki kidogo. Alikaa mbele ya spika, mikono mapajani. Kinanda kikaenda, kikasimama, kikaenda. Kwenye ubeti wa pili akainua kidole.

"Hapo nilivuta pumzi."

"Ndiyo."

"Na hapo nililikalia neno. Mmh. Ulinisubiri."

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kuna anayeweza kuziziba zile nafasi. Nilimwambia ukweli, kwamba amri ipo, na kwamba mwenzetu ameiomba, wala si kwa ubaya.

"Maneno wanayajua," alisema. "Watakachopoteza ni hapo. Usizibe."

"Sizibi."

Tulitaka kusikiliza tena, lakini jenereta ilikohoa, ikanyamaza.

Nyumbani niliifuta ile amri daftarini kwa kalamu, mistari miwili. Baadaye nikaona si haki kuwaficha watakaokuja na nyimbo zao. Nikaiandika upya, na pembeni nikaweka: inafanya kazi, lakini si kwa wimbo huu. Sijui kama hiyo ilitosha kwa mtu aliyetaka sauti yake ibaki.

Jioni tulikula ndizi kwa maharage. Chumvi ilizidi. Mke wangu alijilaumu, lakini aliyeongeza mara ya pili ni mimi.