Majina kumi na mawili kwenye fomu ya Vika

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, mlango wa gereji umefunguliwa wote na gari limetolewa nje kupisha kazi. Vika Fonohema, mwenye miaka arobaini na mmoja, amekaa mkekani, rangi ya kahawia imempanda hadi viwikoni. Mbele yake kuna meza ndefu ya chini, na akina mama kumi na mmoja wa kanisa la Kitonga wameizunguka, wanasugua.

Wanachosugua ni ngatu, kitambaa cha magome ya mti. Watonga hawazikani wala hawaozani bila hicho. Magome yanatoka kwao visiwani, yanagandishwa kwa uji wa mhogo, kisha rangi inasuguliwa kwa tambara mpaka mchoro wa kibao kilicholazwa chini yake utokeze juu. Mtu mmoja haiwezi kazi hiyo. Wa upande wa pili asipovuta, kitambaa kinajikunja.

Vika ni leitī: alizaliwa mwanamume, anaishi kike, na hapa Tallow Creek, pembezoni kabisa magharibi mwa Sydney, hakuna asiyemjua. Siku tano za wiki anafua mashuka ya nyumba ya wazee kwa dola ishirini na sita kwa saa.

"Mashuka yananilisha," anasema. "Ila ninaloamkia ni hili."

Kufika mezani hapo kulimchukua miaka tisa. Kila akiomba nafasi, aliambiwa achemshe chai. Kisha mama yake akafariki. Aliyefiwa anajua: wiki ya kwanza nyumba haina pa kukanyaga, wiki ya tano husikii hata hodi. Vika akajifungia gerejini, akaanza ngatu peke yake, na ikamharibikia.

Mkubwa wa akina mama, Ma'ata Lolohea, alikuja kuchukua bakuli aliloliacha msibani akaiona. Pole hakutoa.

"Nani kakufundisha kuharibu magome hivi?" alimuuliza. "Jumamosi uje ukae kushoto kwangu."

Huu sasa ni mwaka wa nne. Walihamia gerejini kwa Vika baada ya halmashauri kuufunga ukumbi wa mtaa walimokuwa wakisugulia, eti paa bovu. Mwaka wa pili sasa, hakuna fundi aliyepanda ngazi. Ila pesa za kujenga maktaba mpya zilipatikana upesi, na ukuta wake mkubwa ukatangazwa: dola elfu nane kwa msanii mmoja wa kuupamba, awe mpenzi wa jinsia moja au mtu kama Vika.

Vika akajaza fomu. Penye jina la msanii akaandika majina kumi na mawili, kuanzia kwa mkubwa, kama yanavyosomwa kanisani. Lake likawa la tisa.

Afisa wa halmashauri akapiga simu. Akamweleza kwa upole kwamba fungu hilo ni la watu wa aina yake, na akina mama wale hawahusiki. Awafute, ukuta ni wake. Akauliza pia kama haiwezekani kuongeza rangi za upinde wa mvua, kwa sababu kahawia imepooza. Hawa ndio wanaotupangia mitaa, watu ambao hawajawahi kukaa chini na mtu wakashika tambara.

Wiki mbili Vika alizunguka na fomu kwenye mkoba. Jina lake peke yake, ukutani, katika mtaa ambako watu walikuwa wakimzomea kwenye kituo cha basi! Lakini akiwafuta akina mama, Jumamosi atakaa wapi?

Mwishowe akaisoma fomu mbele yao. Matambara yakasimama.

"Kwani wanataka leitī?" Ma'ata akauliza. "Waandikie sote ni leitī. Kwa umri huu, nani atakuja kunikagua?"

Sisilia, anayekaa mkabala naye, akasema mumewe atafurahi kusikia, maana miaka thelathini anatafuta sababu ya kulala sebuleni. Walicheka mpaka uji ukamwagika.

Kicheko kilipoisha, Ma'ata hakuinua macho kutoka kwenye kazi. "Ukiutaka ukuta, tufute, binti. Nafasi yako hapa haiendi popote."

Vika anasema neno hilo ndilo lililomaliza hesabu. Jumatatu aliirudisha fomu ina majina yale yale, na chini yake sentensi moja: msanii ni meza nzima. Rangi, akaandika, ni kahawia. Jibu litatoka mwisho wa mwezi.

Wiki iliyopita alikuja Pauline, leitī mwenzake anayeendesha lori la taka, akauliza kama kuna nafasi. Akina mama walisogea bila kuulizana.

Ukuta wa maktaba una mita nane. Kitambaa cha kutundikwa hapo kimeshafika kumi, na mpango wa Vika ni kukifikisha mita ishirini na tano kabla ya Krismasi.

"Wakikataa, tunaendelea kusugua," anasema, akivuta upande wake. "Wakikubali, itabidi watafute ukuta mwingine."